Dudley Asiyetaka Kuwa Dudu

Treni ilipotoka stesheni ya Granville, Sydney, Omollo alijifanya amesinzia, lakini masikio yake yalikuwa kiti cha nyuma.

"Mwanangu anaitwa Dudley," Léocadie, Mkongo anayetunza wazee, alimwambia abiria mwenzake. "Jina la Waingereza wa zamani. Lilitoka kwa shamba la mtu aliyeitwa Dudda. Sasa karibu limepotea."

"Si ajabu," akasema Wanjugu, nesi Mkenya. "Dada, watu wetu watamwita Dudu! Badilisha kabla hujamwandikisha."

"Mzee niliyemchunga mpaka akafa alikuwa na hilo jina. Wote pale kwenye makao ya wazee walimwita 'darling', yaani mpenzi. Mimi tu ndiye niliyemwita Dudley."

Omollo, ambaye kazini Smithfield wanamwita Ollie bila kumwuliza, akafumbua macho.

Walipofika stesheni ya Doonside, Wanjugu akasimama ashuke, akamwinamia mtoto. "Kwaheri, Dudu."

"Dudley," akasema mama yake.

Milango ikafungwa.