Damu Ilipokataa Kuganda

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Asifiwe Mola aliyeniachia pumzi ya kusimama mbele yenu! Mimi si msemaji. Nitasema niliyoyaona.

Mume wangu Haji alishikwa na homa kali, macho yakimuuma kwa ndani na mifupa yote. Shangazi yake akampiga chuku, kama tulivyozoea hapa Kiegeani: chale ndogo mgongoni, kisha pembe ya kunyonya damu. Ndugu zangu, chale zile hukauka upesi. Zake hazikukauka! Kanga zililowa. Puani nako damu. Akafariki kabla hatujapata gari.

Nikaingia eda. Sijaimaliza, homa ya namna ileile ikanishika. Nikapiga mswaki, nikatema damu. Mikononi nikaona vidoa vyekundu. Niliogopa, wallahi! Lakini niliogopa zaidi kuvuka kizingiti, nikidhani mwenye eda akitoka amemwasi Mungu.

Shangazi akaja na pembe. "Nikutoe damu mbaya, mwanangu."

Mama mkwe akaziba mlango. "Wifi, pembe hiyo ibaki nje." Akanigeukia. "Na wewe inuka, twende hospitali."

"Mama, niko edani."

"Ukifa humu, nani atakukalia eda wewe? Mimi? Dharura ina ruhusa yake. Mtoto wenu ameshamzika baba yake. Inuka!"

Shangazi akaiweka pembe chini, akalia, akanishika mkono. Tukatoka.

Walinipima: dengue, homa ya virusi vinavyoletwa na mbu. Daktari akanieleza kwamba chembe sahani, zile zinazoziba palipokatika, zimepungua mno, na mishipa midogo inavuja. Akanikataza aspirini, maana huzidisha kutoka damu. Muuguzi alibonyeza pamba palipochomwa sindano. Kila akiinua, damu inachuruzika. Nikauona mgongo wa Haji. Nikasema, "Ya Rabbi, igandishe!"

Ikawa dripu, dua na hofu. Asubuhi moja nikapapasa mkono, nikakuta kigaga kidogo, kikavu. Alhamdulillahi! Nilikililia kigaga kile kama mwenye wazimu.

Haji hakupimwa, siwezi kuapa kwamba aliugua dengue. Shangazi simlaumu. Hakuna aliyejua.

Ndugu zangu, mtumainini Mola, na mwenye homa msimchanje, mpelekeni apimwe. Eda nilirudi nikaimaliza. Hadi leo nikipiga mswaki hutema, nikatazama kwanza, ndipo nikamshukuru Mungu.