Haikuvunjika, Ilivunjwa: Miaka Thelathini na Minne ya Fundi Kimya

Nawaomba radhi wasomaji wa jarida hili. Halijatoka kwa miezi saba, na mwenye kosa ni mhariri wake, aliyekuwa akisubiri kila idara ilete habari zilizoandikwa sawasawa. Hazikuletwa. Nimeamua kuanza upya na habari moja niliyoishuhudia mwenyewe.

Tarehe thelathini Juni, fundi mitambo wa studio namba mbili anastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha redio kwa miaka thelathini na minne. Jina lake la kwenye hati wanalijua watu wa utumishi. Sisi wengine tunamwita Fundi Kimya.

Jina hilo alilipata kihalali. Kabla ya kurekodi mahojiano yoyote, humwomba kila aliyemo studio anyamaze kwa dakika nzima, ili anase sauti ya chumba kitupu itakayozibia mapengo wakati wa kuhariri. Wageni wakubwa wamenyamazishwa, na mkurugenzi mmoja alinyamazishwa mara mbili kwa sababu ya viatu vyake. Kabatini mwake mna kanda zilizoandikwa kwa mkono: "Kimya, feni imezimwa", "Kimya, feni inazunguka". Mtangazaji mmoja mgeni kazini aliwahi kufuta kanda tatu akidhani ni tupu. Fundi hakumgombeza. Alimkalisha studio siku nzima akimrekodi hasemi kitu, mpaka kimya chake kikamridhisha.

Alianza kazi enzi za kukata kanda kwa wembe, na anaondoka akiwa ameshawafundisha mafundi tisa kuhariri kwa kompyuta. Mwaka ambao paa lilivuja, alishikilia mwavuli juu ya mtambo kwa taarifa nzima ya habari, pamoja na utabiri uliosema kutakuwa na jua. Ila kwa miaka yote hiyo, hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba aliwahi kupiga muziki.

Mwezi Aprili, waandaaji wa tamasha kubwa la muziki walitangaza kwamba siku ya mwisho itafungwa na bendi ya zamani ya roki itakayoungana tena. Hawakuitaja. Chumba chetu cha chai hakikutulia tangu siku hiyo. Karatasi ilibandikwa ukutani ili kila mtu aandike anachokisia. Mhasibu aliandika Vivuli vya Chuma, kwa hoja kwamba mpiga gitaa wao ameonekana amenyoa ndevu. Mama anayesafisha ofisi alitucheka. "Nyie mnaangalia ndevu? Angalieni wake zao. Bendi ambayo wake bado wanasalimiana, ndiyo hiyo."

Dada anayetunza maktaba ya santuri alitaja Radi Kavu. Mtangazaji wa asubuhi akaangua kicheko.

"Radi Kavu gani, dada yangu? Ile ilivunjika zamani. Na mpiga dramu wao si alishakufa?"

Fundi Kimya alikuwa nyuma yake, akijimiminia chai. Alikoroga sukari, akaenda zake.

Kesho yake aliingia ofisini kwangu, ninakofundisha watangazaji Kiswahili na kusahihisha hati zao, akiwa na hati ya kipindi cha asubuhi juu ya Radi Kavu niliyokwisha kuitia saini.

"Mwalimu, hapa pana makosa mawili."

Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nilimtaka anionyeshe.

"La kwanza, sijafa. La pili, umepitisha 'bendi ilivunjika'. Kikombe kikianguka chenyewe, kimevunjika. Hii ilivunjwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Mwimbaji wa Radi Kavu ni mdogo wake wa tumbo moja. Saa moja kabla ya onyesho lao kubwa kuliko yote, mdogo mtu alimtania mbele ya wenzao kwamba anapiga ndoo, si dramu. Wenzao wakacheka. Fundi alichukua vijiti vyake, akatoka kwa mlango wa nyuma, akawaacha watatu jukwaani mbele ya umati. Mwezi uliofuata aliajiriwa hapa. Alingoja mdogo wake aje kuomba radhi. Mdogo mtu alingoja kaka arudi. Tangu hapo wamekutana mazikoni tu, wakajuliana hali kama majirani.

Sasa waandaaji walikuwa wamewaandikia wote wanne. Wapiga magitaa wawili walikubali. Mwimbaji alijibu kwamba ataimba iwapo kaka yake atamwomba mwenyewe. Kwa hiyo, wakati sisi tukibishana juu ya ndevu, jambo zima lilikuwa likingoja barua ya mtu mmoja.

Aliiandika kwa mkono, akaniletea niipitie. Nilisahihisha viambishi viwili, kisha nikafika kwenye sentensi iliyosema, "Bendi yetu ilivunjika kwa bahati mbaya." Nikaweka kalamu chini.

"Fundi, hapa pana kosa, na unalijua."

"Mwalimu, si maneno tu hayo?"

"Soma tena."

Alisoma, akaikunja barua, akaondoka nayo. Nimefundisha kauli ya kutendeka kwa miaka mingi kama jambo la viambishi. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kujificha ndani yake muda wote huo. Siku ya tatu alirudi, na sentensi ilikuwa hii: "Niliivunja mimi, nikakuacha peke yako mbele za watu." Sikuwa na la kusahihisha.

Jibu lilifika Alhamisi iliyopita kwa simu ya mapokezi, maana kati ya ndugu hao hakuna aliyekuwa na namba ya simu ya mwenzake. Dada wa mapokezi aliliandika neno kwa neno: "Kaka, njoo nyumbani kwanza. Njoo na shemeji. Hayo ya tamasha tutayazungumza tukishakula."

Wanakwenda Jumamosi. Fundi ameniuliza mara mbili avae shati gani, swali ambalo si la idara yangu.

Tunamshukuru kwa kila sauti aliyoifikisha kwa wasikilizaji ikiwa safi kuliko ilivyotoka kinywani mwa msemaji. Tunamtakia yeye na mkewe afya, siku ndefu na nyumba yenye wageni. Kama Radi Kavu itapanda jukwaani au haitapanda, hata yeye hajui bado. Ndugu hao watakapoamua, kwa vyovyote watakavyoamua, nitawaandikieni.