Kikohozi Nilichompa Mjukuu Wangu

Wamama wenzangu, mnivumilie leo. Hii maneno bado inaniuma.

Mnanijua: nauza mitumba Kawangware, nalala hapa mtaa wa Kianda. Nilianza kukohoa, nikasema ni vumbi ya nguo. Wiki ya tatu nilikuwa nakohoa mpaka natapika, na bado kila jioni nambeba mtoto wa binti yangu.

Mtoto alikuwa na wiki nane. Chanjo ya wiki sita hakuwa amepata, na si uzembe! Binti yangu alienda kliniki mara mbili, mara mbili akaambiwa, "Imeisha, rudi wiki ijayo." Unarudi na mtoto mgongoni, hujui umkasirikie nani.

Asubuhi moja mtoto akakohoa, pumzi ikakataa kurudi. Midomo ikageuka rangi. Tulikimbia naye hospitali, akawekwa oksijeni. Daktari akasema ni kifaduro, kisha akaniangalia.

"Mama, wewe unakohoa tangu lini? Huenda ni wewe ulimwambukiza."

Ndugu zangu, nilipandisha hasira. "Mimi nilichanjwa nikiwa mtoto! Kumbe chanjo zenu ni uongo?"

Nesi mmoja akaniketisha. "Si uongo, mama. Chanjo inafundisha mwili kujua ugonjwa kabla haujafika, na mwili unaweka kumbukumbu. Ya surua hukaa miaka na miaka. Ya kifaduro hufifia. Ndiyo maana mtoto anadungwa zaidi ya mara moja, mwili ukumbushwe."

"Na mbona hakuna mtu aliniambia yangu imefifia?"

"Watu wazima huwa hatuwaambii," akasema.

Mjukuu alilala wadi siku kumi na mbili. Akapona. Tukarudi kliniki kwa ile chanjo. "Imeisha."

Hapo ndipo nilibadilika. Nilikaa kwa benchi nikakataa kutoka. "Piga simu. Tafuta mahali iko." Wakapiga. Ilikuwa Kawangware, hatua chache kutoka pale nauzia! Wiki zote hizo.

Sasa amemaliza dozi zote tatu.

Asante nesi yule, kwa kunieleza bila kunidharau. Asanteni nyinyi mliopikia binti yangu tukiwa wadi.

Nawaambia hivi: ukiwa na kikohozi, usibebe mtoto mchanga, hata kama ulichanjwa zamani. Na ukiambiwa imeisha, usiende nyumbani. Uliza iko wapi. Sisi hatukuuliza, na mtoto ndiye aliyekosa pumzi.