Kahawa Iliyokula Chumvi

Pangani mjini, ukitoka sokoni ukaupa mgongo mto, kuna kona ya nyumba ya zamani iliyobanduka chokaa mpaka mawe yake ya matumbawe yanachungulia. Chini ya ukuta huo pana baraza ya saruji, mbele ya baraza pana kisima, na kando ya kisima pana jiko la mkaa lililobeba dele la shaba. Kila siku, alasiri ikishasaliwa, na kivuli cha ukuta kikishafunika miguu ya waliokaa, kahawa humiminwa hapo na dunia hupangwa upya. Kahawa yenyewe ni bure. Anayeipika ni Himyar, aliyekuwa mfanyabiashara wa nazi enzi za minazi, na kijiwe kizima kinamwita Mzee Dele. Maji ni ya kisima hicho hicho, alichokichimbisha mwaka aliofariki mama yake, na jina la mama limeandikwa kwa kidole kwenye saruji ya ukingo: Bi Shemsa. Ni sadaka yenye kuendelea. Kila anywaye, thawabu humfuata bibi huyo huko alikolala, na watu wa mtaa wanalijua hilo kama wanavyojua upande wa kibla.

Siku hiyo Himyar alikuja na ndoto kichwani, hajamwambia mtu. Alikuwa amemwota mama yake tena. Amekaa kitandani, kanga ameipandisha magotini, na sakafu ya chumba imejaa maji ya kimya yanayong'aa. Wala hakuonyesha hofu. Alinyoosha mkono wenye finjani, akasema kwa sauti ile ile ya kumwamsha alfajiri: Mwanangu, onja.

Himyar alikuwa ameshaonja, na ladha anaijua. Alichokuwa akingoja ni mtu mwingine aiseme, kwa kuwa ulimi wake mwenyewe ulikuwa mzito kuifunga sadaka ya mama yake. Lakini pale kijiweni hakuna aliyesema. Walichofanya ni kuongeza kashata. Zamani kashata moja ilimtosha mtu mazungumzo yote. Sasa sahani ilikuja imejaa, na kila funda la kahawa lilifuatwa haraka na kipande, kama mtoto anayepewa dawa.

Sahani huletwa na Shabbar Jafferji, mwenye duka la kona, ambaye kwa kupenda kupima maneno ya wenzake anaitwa Mizani. Pembeni yake alikaa Hatibu, mzee aliyemaliza ujana wake bandarini Tanga na hadi leo hupima kila kitu kwa kontena, hata mchele wa pilau. Naye jina lake ni Kontena. Wa mwisho kufika alikuwa Nasri, kijana wa boti anayewapeleka wageni kisiwa cha Maziwe kutoka Ushongo. Huyo hana siri, kwa hiyo ni Taarifa ya Habari, au Taarifa kwa kifupi.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, Taarifa, alisema Shabbar. Haya, tusomee.

— Habari ni ile ile. Bamvua la juzi, maji yameingia mpaka jikoni kwa shangazi yangu, Ushongo. Yamezima jiko, yamechukua mbuzi, yametoka. Kama mtu aliyekuja kuazima.

— Yamechukua mbuzi wa maziwa? aliuliza Hatibu.

— Mbuzi ya kukunia nazi, Mzee Kontena. Wa maziwa angelia.

Himyar aliinua dele, akamimina. Uzi mwembamba mweusi ulishuka ndani ya finjani bila kukatika. Aliutazama, akamwona mama yake nyuma ya mvuke, akafumba macho, akaendelea kumimina.

— Nimeshasema, ni meli, alisema Hatibu. Zamani meli zilikuwa kama finjani hizi. Siku hizi meli moja ni mtaa mzima. Wewe ukiingia kwenye beseni, maji yanafanyaje?

— Yanapanda, alisema Nasri.

— Basi. Meli zote za dunia zimeingia beseni moja. Haba na haba hujaza kibaba.

— Methali hiyo ni ya kuweka akiba, Kontena, alisema Shabbar.

— Na bahari haiweki akiba?

— Hiyo yako ni chai.

— Hapa tunakunywa kahawa, Mizani.

Shabbar alipangusa makombo ya kashata kwenye kanzu yake, akaweka sauti ya mtu anayefunga hesabu.

— Ni barafu. Kule kwenye baridi kulikuwa na milima ya barafu tangu na tangu. Moshi wa viwanda na magari umeipasha dunia, barafu inayeyuka, na maji yenyewe yakipata joto yanavimba. Bahari zote zinapanda. Si siri, redio zinasema kila siku.

Hilo lilifanana na kweli, na kweli haina raha ya kubishana.

— Lakini wewe dukani unauza barafu, alisema Hatibu.

— Nauza ya friji.

— Friji inaipata wapi? Huko barafu inapungua, huku kwako inaongezeka. Mimi sijamtaja mtu. Lakini mwizi hana alama.

Nasri alicheka mpaka kahawa ikamwagika kidoleni.

— Mnaikosea bahari bure, wazee. Bahari iko palepale. Nchi ndiyo inayozama. Nyumba za boriti na udongo zilikuwa nyepesi. Sasa kila mtu anamwaga saruji na nondo. Nchi imebeba, imebeba, imechoka, inakaa chini.

— Mbona mtaa wa Nguvumali kule Tanga ni saruji tupu na hawazami? aliuliza Shabbar.

— Utajuaje kama hawazami? Wanazama wote pamoja. Mkizama na jirani, kila mtu anaona yuko sawa.

— Taratibu, hiyo nayo ni nzito, alisema Hatibu. Hiyo ni kontena mbili.

Upepo ulipita uchochoroni ukanuka mwani. Kivuli kilisogea kikapanda ukingo wa kisima, kikafika kwenye herufi ya kwanza ya jina la Bi Shemsa. Hatibu aliweka finjani chini, na sauti yake ikashuka, ikawa kama ya mtu anayezungumza na usingizi wake.

— Bibi yangu mzaa mama, Mdigo yule, alikuwa akisema bahari ni kiumbe. Na kiumbe huzeeka. Sasa mtu akizeeka sana hufanyaje? Husahau. Anatoka kwake asubuhi, anatembea, anagonga kila mlango, anauliza: hapa ndipo kwangu? Bahari imesahau nyumba yake. Imegonga Maziwe, zamani kile kisiwa kilikuwa na miti yake. Leo maji yakijaa, Nasri, unawaonyesha nini wageni?

— Nawaonyesha maji, alisema Nasri. Nawaambia, kisiwa kiko chini, subirini kidogo.

— Imegonga mashamba ya mtoni, minazi ikafa imesimama. Imegonga kwa shangazi yako.

— Na mbuzi je?

— Ameichukua akidhani ni yake. Mzee huyo. Utamgombeza?

 Himyar alisikia tone likianguka ndani ya kisima, kisha jingine. Aliwaza kwamba wengine bahari imewagongea mlangoni, mchana, kwa kishindo, wakaiona. Kwake haikupita mlangoni. Imekuja chini kwa chini, gizani, ikipapasa mchanga kama mtu anayetafuta taa, mpaka ikalikuta jina la mama yake.

— Ndiyo hivyo, alisema Hatibu akishusha pumzi. Sisi tuliokula chumvi nyingi...

Akasita. Neno chumvi lilianguka katikati ya baraza kama mfuniko wa sufuria. Shabbar aliisukuma sahani upesi.

— Kula kashata, Kontena.

— Nilimaanisha umri.

— Tunajua ulimaanisha umri. Kula kashata.

— Mtu akila chumvi nyingi maana yake ameishi sana. Ni msemo wa siku zote, alisema Nasri, akimtazama Himyar kwa jicho la pembeni.

— Wa siku zote, alisema Hatibu. Alipotafuta pa kutokea, akazidi kuingia. Mimi nataka tu kusema Mzee Dele katutendea wema. Wahenga hawakukosea: mchimba kisima huingia mwenyewe.

Shabbar aliirudisha finjani yake chini.

— Yakhe, methali hiyo ni ya kumwapiza mtu, alisema Shabbar taratibu.

— Mimi miaka yote nilidhani ni pongezi. Kwamba aliyechimba ndiye wa kwanza kuingia, kupima maji.

Himyar alicheka, akashangaa kujisikia akicheka. Na kicheko kikamfungua kidogo.

— Jamani, alisema, hii kahawa...

— Tamu, alisema Shabbar.

— Tamu sana, alisema Nasri.

— Haijapata kuwa tamu hivi, walahi, alisema Hatibu, akameza funda kubwa, na jicho moja likamfumba lenyewe.

Hapo Himyar akaelewa. Wamejua kabla yake. Aliwakumbuka wanawake wa mtaa waliokuwa wakija na ndoo alfajiri, jinsi walivyopungua mmoja mmoja bila neno, na jinsi kila aliyepungua alivyozidi kumwamkia kwa uchangamfu. Mtaa mzima ulikuwa umemficha kitu ambacho naye alikuwa anauficha mtaa. Alitaka kuwashukuru, alitaka kuwagombeza, akakosa pa kuanzia, akapuliza makaa.

Ndipo alipotokea mwanamke kijana mwenye ndoo tupu, tumbo la ujauzito limeshatangulia mbele yake. Alikuwa Loveness, mwalimu aliyehamia juzi kutoka Korogwe, amepanga chumba nyuma ya duka la Shabbar. Aliinama kidogo.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mwalimu. Karibu.

— Asanteni. Bomba la nyumbani halitoi tangu asubuhi. Nikaambiwa kuna kisima kwenye kona hii.

Aliyasoma maandishi kwenye ukingo, midomo ikimchezacheza kama wasomavyo walimu, kisha akauliza, kwa upole, kama mtu anayeuliza njia:

— Samahani. Maji ya kisima hiki ni ya kunywa?

Kijiwe kizima kilikuwa na majibu ya bahari nzima. Ndoo moja ikakishinda. Nasri aliitoa simu mfukoni, akaitazama, ilikuwa imezimika. Shabbar alihesabu vidole vyake. Kusema ndiyo mbele ya tumbo lile haikuwezekana. Kusema hapana mbele ya Himyar nayo haikuwezekana.

— Kunywa kwa namna gani? alijaribu Hatibu.

— Kunywa tu, babu. Kiu ikinishika.

— Sisi hapa tunakunywa, alisema Nasri, akajutia.

— Sisi tunakunywa kahawa, alisema Shabbar, akimkatiza. Kahawa ni kitu kingine.

Loveness alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akitabasamu tabasamu la mgeni asiyejua amekanyaga nini. Himyar aliinuka.  Alikishika kidoo cha kisimani, akaiachia kamba ikateleza viganjani, akasikia maji yakikipokea kidoo, karibu kuliko zamani. Alivuta. Akateka kwa kata ya kifuu. Maji yalikuwa safi kabisa, yanang'aa, na ndani yake mbingu ndogo ilitikisika. Mwanangu, onja. Akaonja mbele ya watu wote.

— Hapana, mwanangu, alisema. Yalikuwa. Sasa bahari imeingia. Fulia ukipenda, na udhu unaswihi hata kwa maji ya bahari. Lakini usinywe. Wala huyo wa tumboni usimnyweshe.

— Nimeelewa, babu. Asante kwa kuniambia.

— Nenda dukani kwangu, alisema Shabbar, na sauti yake haikuwa ya Mizani. Mwambie Kulsum, msaidizi wangu, akujazie kwenye pipa la ndani. Nasri, mbebee mwalimu ndoo.

Walipokata kona, Himyar alikaa. Viganja vyake bado vilikuwa na unyevu, akavipangusa kwenye shuka, vikabaki na weupe mwembamba wa chumvi.

— Nimeifunga, alisema.

— Umefunga nini? aliuliza Shabbar.

— Sadaka ya mama. Nimeifunga kwa mdomo wangu.

Hatibu alitafuta methali. Ilionekana usoni mwake akiitafuta, akifungua na kufunga, kama mtu anayepekua kontena tupu. Mwishowe akaiacha. Akanyoosha mkono wenye finjani.

— Nitilie.

— Ina chumvi, Kontena.

— Najua ina chumvi. Tangu mvua za mwaka jana najua. Nitilie.

— Ya nini sasa?

— Si ulituambia kila anywaye, thawabu humfuata mama yako? Basi sisi si tunakunywa?

Shabbar aliifunika sahani ya kashata kwa kitambaa chake, akaiweka nyuma ya mgongo, mbali na mikono. Kisha naye akanyoosha finjani. Nasri alirudi akihema, akawatazama, akaokota ya kwake.

Himyar alimimina. Uzi mweusi ulishuka bila kukatika, finjani kwa finjani, mpaka dele likatoa sauti ya utupu. Kivuli kilikuwa kimelifunika jina lote ukingoni. Walikunywa taratibu, bila kitu cha kusindikizia, kila mtu akikunja uso kwa zamu yake, na siku hiyo hakuna aliyesema tamu.