Avelina Mtewele na Kazi Iliyoombwa kwa Kiingereza

Wasifu huu umeandikwa na familia, na unasomwa na kaka yake, Shedrack Mtewele, leo Jumatatu tarehe 12 Mei 2025, hapa nyumbani kwao Mdandu, kabla ya kumsindikiza makaburini.

Avelina Nahumu Mtewele alizaliwa tarehe 14 Machi 1988 katika kijiji hiki, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu mzee Nahumu Mtewele na mama Prisila. Alianza kusema mapema, na akishaanza hakuwa na breki. Akitumwa chumvi kwa jirani, chumvi aliisahau, akarudi na habari za nyumba nzima: nani anaumwa, ng'ombe wa nani kazaa, nani kagombana na mkewe. Mzee Nahumu alimwita Redio. Akirudi shambani akikuta kimya, aliuliza, "Redio imezimwa na nani?" Hayo yote yalisemwa kwa Kibena, maana ndiyo lugha iliyokuwa nyumbani.

Alisoma shule ya msingi hapa Mdandu kuanzia mwaka 1996 hadi 2002. Kiswahili alikipatia darasani, akakipenda, na alipofika darasa la nne alikuwa akipewa kusoma somo la kwanza kanisani siku za Jumapili. Watu wazima waliokuwepo wanakumbuka sauti ile. Alifaulu vizuri darasa la saba, na Januari 2003 akaanza kidato cha kwanza katika shule moja ya bweni huko Njombe.

Huko ndiko alikobadilika. Masomo aliyoyajua kwa Kiswahili yalimrudia kwa Kiingereza, lugha aliyokuwa ameisoma miaka saba na kuambulia salamu, rangi na majina ya matunda. Aliyekamatwa akisema Kiswahili au Kibena alivishwa kibao shingoni, akae nacho mpaka amkamate mwenzake. Avelina alikivaa wiki ya kwanza. Baada ya hapo akagundua njia ya kukikwepa, nayo ni kufunga mdomo.

Mwisho wa mwaka ripoti ya shule iliandika kwamba ni mwanafunzi mtulivu na msikivu. Mzee Nahumu aliwasomea majirani kwa fahari. Mama Prisila alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huyo mnayemsifu mimi simjui. Mwanangu hajawahi kuwa mtulivu. Wamemfanya nini huko?" Watu walicheka, wakadhani ni utani wa mama. Haukuwa utani. Avelina alimaliza kidato cha nne mwaka 2006 akiwa amekariri kurasa nzima za vitabu ambazo hakuzielewa, na ufaulu wake ulikuwa wa kutosha tu kumvusha.

Alivuka kwenda chuo cha maendeleo ya jamii, akapata cheti, kisha stashahada mwaka 2010. Aliichagua kazi hiyo kwa sababu ni ya kukaa na watu na kuzungumza nao. Mwaka uliofuata alianza kujitolea katika shirika moja lililokuwa likifundisha akina mama wa vijiji vya Wanging'ombe lishe ya watoto wadogo. Alitembea kijiji hadi kijiji, akaingia majikoni, akakoroga uji pamoja nao. Sauti yake ilirudi. Mama Prisila alifurahi kusikia kwamba kuna siku mwenyekiti wa kijiji ilimbidi amkumbushe Avelina kuwa jua linazama na watu wana ng'ombe wa kufungia.

Agosti 2013 shirika hilo lilitangaza nafasi ya ajira kwa kazi ile ile aliyokuwa akiifanya. Avelina aliomba, akaitwa kwenye usaili mjini Njombe. Alisimulia mara nyingi mambo yalivyokwenda, na kila aliposimulia hasira ilikuwa mbichi. Waliokaa upande wa pili wa meza walikuwa watatu, wote Watanzania. Alipoingia walikuwa wakizungumza Kiswahili, wakilalamikia baridi, na mmoja akamkaribisha chai. Alipoketi wakabadilika wote kwa pamoja, wakaanza Kiingereza. Waliuliza angefanya nini mama akikataa kumpeleka mtoto kupimwa uzito. Jibu alikuwa nalo. Alishakutana na akina mama wa namna hiyo wengi, na alijua cha kuwaambia. Jibu lilikuja kwa Kibena, akaligeuza kwa Kiswahili, na pale pa kuligeuza tena likakwama. Alikaa kimya mpaka mmoja wao akasema ahsante, wataarifiana.

Kazi alipewa Lenard, kijana aliyetoka mbali, mpole, mwenye heshima. Familia haina ugomvi naye, na tunamshukuru kwamba leo yupo hapa msibani. Lakini yaliyotokea ni kweli na yeye mwenyewe hayakatai. Alipokwenda kwenye mkutano wake wa kwanza, akina mama wazee hawakumwelewa naye hakuwaelewa. Akampigia simu Avelina.

"Dada, naomba unisindikize unitafsirie. Posho ipo."

Avelina alikwenda. Akaenda na mara ya pili. Alipoitwa mara ya tatu alimuuliza, "Lenard, nakwenda kama nani?"

Lenard akasema, "Dada Avelina, mimi nimesoma kwa Kiingereza tangu chekechea. Hakuna kingine nilichokuzidi. Najua."

"Basi kama unajua, waambie waliokuajiri."

Anasema aliwaambia. Hakuna kilichobadilika, na Avelina hakwenda tena.

Kwa upande wa ndoa, marehemu alifunga ndoa takatifu na Marcelino Kiswaga tarehe 6 Oktoba 2012, wakaweka makazi Lyamkena, Makambako, ambako Marcelino anafanya biashara ya mbao. Mungu aliwajalia binti mmoja, Flora, aliyezaliwa Januari 2014.

Mwaka 2015 Avelina alipata kazi katika duka la vitenge na mablanketi la Bi Tausi, mwenyeji wa Tanga aliyehamia Makambako zamani. Hakukuwa na usaili. Avelina aliingia kununua blanketi, akamkuta bibi mmoja wa kijijini akihangaika kueleza anachotaka, akamsaidia, bibi akaondoka na mablanketi mawili. Bi Tausi alimwangalia, akasema, "Mwanangu, kesho uje saa mbili." Alifanya kazi pale miaka tisa, na wateja walimpenda. Itakuwa uongo kusema aliridhika. Alimwambia mwajiri wake waziwazi kwamba ile si kazi aliyoisomea. Bi Tausi alimjibu, "Najua, mwanangu. Siku ukiipata yako nitakufungia kitenge cha kuanzia." Kitenge hicho Bi Tausi amekuja nacho leo.

Marehemu hakukata tamaa kirahisi. Alijiandikisha masomo ya Kiingereza ya jioni pale Makambako, akitoka dukani moja kwa moja, mara nyingi bila kula. Mwaka 2019 kampuni moja ya parachichi ilitafuta mtu wa kuiunganisha na wakulima. Avelina alijiandaa wiki nyingi. Aliandikiwa maswali ambayo huulizwa pamoja na majibu yake, akayakariri kama alivyokariri sekondari. Marcelino alikuwa akimuuliza kwa mpangilio, naye anajibu bila kosa. Siku yenyewe hawakufuata mpangilio. Walimuuliza udhaifu wake ni upi, na yeye, akidhani ni lile swali la kwanza, akajibu kwamba alizaliwa Mdandu, Wanging'ombe, katika familia ya wakulima. Walicheka. Si kwa ubaya labda, lakini walicheka. Aliporudi nyumbani alivua viatu mlangoni, akamwambia mumewe, "Sitaomba tena kazi ya mtu." Akatimiza neno hilo.

Tangu hapo nguvu zake zote alizielekeza kwa Flora, ambaye alikuwa tayari katika shule ya mchepuo wa Kiingereza. Aliapa kwamba binti yake hatakaa mbele ya meza ya watu watatu akakosa la kusema. Nyumbani akapiga marufuku Kibena. Kiswahili alikivumilia. Mwenyewe alimsemesha mtoto kwa Kiingereza chake cha jioni, na Flora, akiwa darasa la pili, akamsahihisha mbele ya wageni. Avelina alicheka pamoja nao, kisha akatoka uani, akakaa huko mpaka wageni walipoondoka.

Jambo hili lilileta mvutano, na familia imekubaliana lisifichwe, kwa sababu kila mtu hapa analijua. Mama Prisila anakisikia Kiswahili kidogo, lakini kukisema kunamchosha. Alikuwa akitoka Mdandu na kuku wake kwenda kumwona mjukuu, akifika anasalimia kwa Kibena, "Kamwene," mtoto anamtazama mama yake kuomba ruhusa ya kuitikia.

"Avelina," Marcelino alimwambia siku moja, mama akiwa amekaa pale pale, "huyu ni bibi yake. Unamkataza mtoto asimwitikie bibi yake?"

"Akizoea Kibena ulimi utakuwa mzito kama wangu."

"Ulimi wako una uzito gani? Mbona mimi unanishinda kila siku?"

"Wewe hujakaa mbele ya wale watu," Avelina alisema. "Usinifundishe."

Mama Prisila alimchinjia mtoto kuku, wakala, na kesho yake akapanda gari akarudi Mdandu. Wengi wetu tulimlaumu Avelina kwa hilo. Lakini tulipomlaumu hatukuwa na jibu la swali lake. Tulimwambia lugha ya mama ni hazina, naye akauliza ni ofisi gani inayoipokea. Hata leo tukiulizwa tutanyamaza, na inachosha kunyamaza.

Mwezi Agosti 2024 Avelina alianza kuumwa kichwa. Alitibiwa malaria, akatibiwa macho, akapewa miwani. Novemba alianguka dukani, na Bi Tausi akafunga duka akampeleka hospitali mwenyewe. Vipimo vilionyesha uvimbe kwenye ubongo. Alipelekwa hospitali kubwa nje ya mkoa, akafanyiwa upasuaji mwezi Januari, lakini uvimbe haukuweza kuondolewa wote. Aprili alilazwa tena, safari hii Njombe, ili awe karibu na ndugu.

Ugonjwa ulichukua maneno yake. Kilianza Kiingereza, chote alichokitafuta kwa jioni zile. Katikati ya Aprili Kiswahili nacho kikaanza kupungua, akawa anatafuta neno na kukasirika kwa kulikosa, anapiga godoro kwa kiganja. Kufikia Mei Mosi alibaki na Kibena peke yake. Daktari alieleza kwamba hutokea, lugha ya kwanza ikabaki baada ya nyingine kupotea. Muuguzi wa zamu hakujua Kibena. Alimuuliza mgonjwa anaumwa wapi, mgonjwa akajibu vizuri kabisa, muuguzi akasubiri ndugu waje.

Siku ya Alhamisi tarehe 8 Mei, saa za kutazama wagonjwa mchana, Flora aliletwa kutoka Makambako. Mama Prisila alikuwa upande wa pili wa kitanda. Avelina alipomwona binti yake macho yalichangamka, akaanza kumsemesha. Alisema mengi, haraka haraka, kwa sauti ile ya zamani, kama alivyokuwa akirudi kutoka kwa jirani bila chumvi. Flora alimsikiliza kwa makini, mikono kwenye mapaja. Aliitikia kwa kichwa kila mama yake alipopumzika, kama mwanafunzi anayeogopa kuulizwa. Avelina akakatiza maneno, akamtazama, akasema jambo fupi. Akalirudia.

"Bibi, mama anasemaje?" Flora aliuliza.

Mama Prisila aliyatafuta maneno ya Kiswahili. Yalichelewa.

"Anasema, kwa nini hunijibu."

Flora alipanda kitandani, akamshika mama yake usoni, akamwambia kwa Kiswahili, "Nipo mama, nakujibu." Kisha akayarudia kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha aliyofundishwa kumpendeza nayo mama yake. Hatujui kama Avelina alielewa hata moja. Mama Prisila aliulizwa na Flora yale mengi ya mwanzo yalikuwa nini, akajaribu kuyaeleza, akashindwa, akalia. Tumemwomba atuambie sisi tunaokijua Kibena ili tumfasirie mtoto. Anasema ni maneno ya mama kwa mwanawe, na hayapitishi kwa mtu wa kati. Atayasema mwenyewe siku mtoto atakapoweza kuyasikia.

Avelina alifariki dunia kesho yake, Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na saba. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Bi Tausi, jirani zetu wa Lyamkena, na jumuiya ndogo ndogo zilizosali nasi.

Marehemu ameacha mume, Marcelino, mama, Prisila, ndugu wanne, na binti mmoja, Flora, mwenye umri wa miaka kumi na moja, anayeongoza darasa lake kwa Kiingereza. Tangu Ijumaa Flora amehamia chumbani kwa bibi yake, anashika vitu kimoja kimoja na kuuliza vinaitwaje. Amefika kwenye moto, maji na mkeka. Maneno ya mama yake bado yako mbali.

Avelina, umesema vya kutosha, nasi tumekusikia. Pumzika sasa, dada, kwa amani ya Bwana. Amina.