Hakimu wa Lelemama

Katika basi la Tudor, kijana mmoja, Kamaludin, alikuwa akimlalamikia jirani yake wa kiti, mama wa makamo aliyepakata kikapu cha mikate ya mofa. Mimi nilikaa nyuma yao, nikinyonyesha.

"Jana vyama viwili vya ngoma ya lelemama vilishindana Tononoka. Mamangu yuko hiki, mke wangu yuko kile, na hakimu nikafanywa mimi."

"Ukakubali, mwanangu?" Alisema kama anayetoa rambirambi.

"Nikasimama mbele ya watu, nikatangaza wameshinda wote. Leo mama amenifunikia chungu, na mke asema nikale kwa mama."

"Ungetaja mmoja, ukapata japo wa kukupikia."

Niliitikia kwa kichwa, ingawa sikuulizwa. Ndani ya basi lile, mwenye hakika ya chakula alikuwa mwanangu peke yake.

Yule mama akatoa mkate, akamnyoshea, kisha akaurudisha kidogo. "Lakini kweli, nani alishinda?"

Kondakta akaacha kukata tikiti. Bibi mmoja akasogeza buibui, sikio lisikie vizuri. Kamaludin akatutazama sote, akautazama mkate, akavuta kengele.

"Nshukishe papa hapa."

Basi likasimama, akashuka na njaa yake.