Naliaka, Mama wa Nyumba Zenye Nafasi

Wachungaji wetu, wazee, majirani wa Kitengela, na ninyi mliofika leo kutoka Kajiado, Kimilili na Ugenya, kabla mwili haujaanza safari ya kwenda nyumbani, familia imeomba mtulie kidogo msikie maisha ya mpendwa wetu, na kwa kuwa waliokaa chini ya hema hili ni watu wa lugha nyingi, yameandikwa kwa Kiswahili ili asiwepo hata mmoja aliyemjua atakayebaki nje.

Marehemu Maryanne Naliaka Oyoo alizaliwa tarehe 28 Aprili 1966, karibu na Kimilili, wilaya ya Bungoma, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Wafula na Mama Nasike ambaye tuko naye hapa, na kwa sababu alizaliwa watu wakiwa shambani wanapalilia, alipewa jina la Naliaka kama ilivyo desturi ya Wabukusu. Mama anasema alikuwa mtoto wa kuhamisha vitu, kwamba ukitoka kwenda kuteka maji ukirudi unakuta kiti kiko upande wa pili na mtungi umesogezwa, na akichapwa kwa hilo analia, halafu kesho anasogeza tena.

Alianza shule ya msingi huko huko nyumbani mwaka 1973, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1979, kisha akajiunga na shule ya upili ya wasichana aliyomaliza mwaka 1983, ambako alifanya vizuri katika uchoraji na vibaya sana katika hesabu, jambo ambalo mwenyewe hakulificha. Mwaka 1985 aliingia chuo cha ufundi jijini Nairobi, akasomea upambaji wa ndani ya nyumba, na kuhitimu mwezi wa Novemba 1987, wakati ambapo watu wengi wa kwao walidhani amesomea kushona mapazia.

Mwaka 1988 aliajiriwa katika duka la samani la Bi Kirsten, mama mmoja kutoka Denmark aliyekuwa akitengeneza meza na viti vya mbao nyeupe, vyepesi, visivyo na nakshi, na hapo kwa miaka saba akajifunza namna watu wa kaskazini ya Ulaya, ambao kwao jua ni la kusubiriwa, wanavyopanga chumba ili mwanga uingie mpaka kona ya mwisho, na namna blanketi moja la sufu na taa iliyowekwa chini vinavyoweza kukifanya chumba kikukaribishe. Bi Kirsten alipofunga duka na kurudi kwao mwaka 1995, Naliaka alipata kazi ya kufundisha katika chuo cha ufundi cha vijana mjini Kajiado, na huko akakutana na Bwana Hayashi, mwalimu wa useremala aliyetoka Japani kwa kujitolea, ambaye aliunga mbao bila msumari hata mmoja, alikaa sakafuni kula chakula chake cha mchana, na kwao milango haifunguki kwa kusukumwa bali huteleza kando. Siku Naliaka alipomwonyesha picha za meza za Bi Kirsten, Bwana Hayashi aliziangalia kwa muda mrefu, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Mwalimu, huyu mama na mimi kwetu mbali sana. Lakini meza zetu ni binamu."

Tangu siku hiyo Naliaka alijua kazi yake ni ipi. Alichukua wepesi na joto la kule kwa Bi Kirsten, akachukua utulivu na unyenyekevu wa kule kwa Bwana Hayashi, akavileta hapa kwenye udongo wetu mweusi unaogandamana na viatu wakati wa mvua na vumbi letu linaloingia hata kwenye sukari, na badala ya karatasi za Kijapani ambazo upepo wa Kitengela ungezichana kwa wiki moja, aliwamba milango yake ya kuteleza kwa marekani, kitambaa cha pamba kinachofulika, na badala ya mbao za ng'ambo akatumia saiprasi. Mwaka 1998 alifungua karakana yake hapa Kitengela pamoja na fundi Musila, na wawili hao wakafanya kazi kwa kugombana kila siku na bila kuachana kamwe.

Mteja wake wa kwanza mkubwa alikuwa Bi Safiyo, mfanyabiashara wa nguo mjini Kajiado, ambaye tunamwona ameketi pale mbele. Naliaka alikwenda kwake mwaka 1999 akiwa na hofu, maana wateja wa Nairobi walikuwa wamemwambia mara nyingi kwamba viti vyake vifupi ni vya watoto, lakini Safiyo aliingia sebuleni kazi ilipokwisha, akavua viatu pale kwenye ngazi ya chini ya mlango, akakaa kwenye mto kama wanavyokaa kwao, akaegemea ukuta na kusema, "Dada, hii ni nyumba ya mtu anayejua kukaa chini. Mambo yetu nani alikuambia?" Naliaka alirudi Kitengela siku hiyo akiimba, na kutoka hapo nyumba zikafuatana, Kajiado, Bisil, Ongata Rongai, mpaka kwa mkulima mmoja wa Entarara aliyetaka chumba kimoja tu cha kunyamazia.

Tukirudi nyuma kidogo, marehemu alifunga ndoa na Bwana Lazarus Oyoo, karani katika kampuni ya bima, Jumamosi ya tarehe 12 Desemba 1992, na Mungu akawajalia watoto wawili, Obonyo aliyezaliwa tarehe 17 Juni 1994, na Nasike aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1997 na kupewa jina la nyanya yake. Walihamia nyumba hii iliyo nyuma yetu mwezi wa Agosti 2001, nyumba aliyoichora Naliaka mwenyewe kuanzia msingi, na Lazarus, ambaye ndoto yake ilikuwa sofa seti ya watu saba yenye vitambaa vya kufumwa na kabati la televisheni linalofika darini, anakiri kwamba alisalimu amri hatua kwa hatua, leo kiti, kesho kabati, mpaka akajikuta kwenye sebule yenye meza fupi, mito, taa moja na dirisha. Jirani yao Mama Rahab alipokuja kuwakaribisha alisimama mlangoni, akashika kinywa na kusema, "Pole sana, Mama Obonyo. Kwani walikuja na lori?" akidhani wezi wamebeba kila kitu, na kicheko cha siku hiyo ndicho kilichowafanya hao wawili kuwa ndugu. Mama mzazi wa Lazarus alipokuja kutoka Ugenya na magoti yake yakakataa kukaa chini, Naliaka hakubishana naye, alimtengenezea kiti cha juu cha saiprasi, akakiweka mahali penye jua, na mama yule alipoondoka alikibeba.

Sasa tunafika kwenye sehemu ambayo ni ngumu, na Lazarus ametuomba tuiseme bila kuifunika.

Mwezi wa Oktoba 2005, akipima dirisha la mteja huko Rongai, utepe wa kupimia ulimponyoka, akauokota, ukamponyoka tena, akacheka na kumwambia Musila kwamba uzee umemtembelea mapema. Kufikia Krismasi hakuweza kufunga kifungo cha sare ya Nasike. Alitibiwa shingo, akavaa mkanda wa shingoni, akakandwa, akaombewa, akanywa dawa za hospitali na za miti, na kila mara walipodhani wamepata chanzo chake, kidole kingine kililala. Tarehe 24 Julai 2006 daktari bingwa wa mishipa ya fahamu jijini Nairobi aliwakalisha wote wawili, akawaeleza kwa upole kwamba neva zinazoamuru misuli zinakufa moja baada ya nyingine, kwamba akili yake itabaki kama ilivyo, na kwamba dawa ya kuponya haipo. Lazarus alimuuliza, "Hata nikimpeleka India?" Daktari akajibu, "Hata ukimpeleka India." Akauliza tena, "Sasa mimi nifanye nini?" na daktari akasema, "Kaa naye, Bwana Oyoo."

Hilo ndilo lililomshinda Lazarus kwanza, maana ni mtu wa kufanya. Na nyumba yenyewe ilianza kuwageukia, kwa sababu kitanda alichokichora Naliaka karibu na sakafu ndicho ambacho sasa hakuweza kuinuka kutoka kwacho, mito aliyoipenda ikamnasa, na ngazi ya kuvulia viatu aliyoiweka mlangoni, iliyozuia tope la Kitengela lisiingie, ikakizuia kiti cha magurudumu. Lazarus aliogopa kwa wiki nyingi kulisema neno la kuibomoa, na mwishowe ni Naliaka aliyelisema, "Muite Musila abomoe hiyo ngazi. Lakini nikiwa hapo. Sitaki kusikia nyundo nikiwa chumbani."

Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, mwezi wa Machi 2007. Musila alikuja na patasi na nyundo, akapiga magoti, na kwa mazoea ya miaka yote waliyofanya kazi pamoja akageuka na kuuliza, "Madam, nianzie wapi?" Naliaka alitaka kumwonyesha, wote waliona bega likijaribu, lakini mkono haukuinuka kutoka kwenye paja lake, na Musila akabaki anangoja, Lazarus anangoja, watoto wanangoja, hakuna aliyejua aangalie wapi, mpaka aliposema, "Popote, Musila." Mwanamke aliyekuwa akirudisha mlango karakanani kwa kosa la upana wa unywele, hakuna fundi aliyewahi kumsikia akisema popote. Musila alianza kupiga, na alipomaliza alikwenda nyuma ya nyumba, hakurudi kunywa chai.

Kuanzia hapo Lazarus alianza kununua vitu. Alinunua feni, akanunua redio, kiti cha kuegemea cha ngozi, mashine ya kukanda miguu, mito ya kila aina, saa ya ukutani inayolia kama ndege, na chumba ambacho mkewe alikifanyia kazi miaka mingi kiwe na nafasi kilijaa mpaka mlango wa kuteleza ukakwama. Siku moja alipoingia na sanduku lingine, Naliaka, ambaye ulimi wake ulikuwa umekuwa mzito, alimwambia, "Baba Obonyo, unanunua kwa sababu unaogopa."

Lazarus alisema, "Ndiyo."

"Hata mimi," akasema. Kisha akaongeza, "Basi viache. Lakini sogea, unanizibia dirisha."

Mwezi wa Januari 2008, barabara zilipofungwa kwa sababu ya vurugu za baada ya uchaguzi, muuguzi aliyekuwa akimnyoosha viungo hakuweza kufika kutoka Athi River, na Lazarus na watoto walijifunza wenyewe kumgeuza, kumlisha uji kwa kijiko kidogo na kumfuta machozi, maana hata machozi yake hakuweza kuyafuta. Mwezi wa Aprili sauti ilikatika, akabaki na macho. Bi Safiyo alikuwa akija kutoka Kajiado, anakaa sakafuni kando ya kitanda, anamsimulia habari za mji, anauliza swali na kujijibu mwenyewe kwa niaba ya wote wawili, na akitoka nje anaegemea lango na kulia. Musila alikuja karibu kila siku na mkoba wake wa zana, lakini kwa miezi miwili hakuweza kupita jikoni, alikaa hapo tu, akikaza skrubu za masufuria ambazo hazikuwa zimelegea. Watu walileta maombi, asali, mafuta, majina ya madaktari wengine, na Lazarus alipokea yote na kushukuru, kwa sababu alijua kila mmoja wetu alikuwa akitafuta mahali pa kuweka mikono yake.

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 21 Agosti 2008, pumzi yake ilibadilika. Lazarus alimkimbiza hospitalini hapa Kitengela, na muuguzi alipomsikiliza kifua, Lazarus alikuwa tayari amegeuka kuelekea mlangoni, akisema waende Nairobi, barabara iko wazi, watafika kwa nusu saa. Muuguzi yule, msichana wa umri mdogo, alimshika mkono na kumwambia, "Baba, weka funguo za gari chini. Njoo hapa umshike." Akaziweka, akarudi, akamshika, na marehemu alimtazama, macho yake yakabaki kwake, na muda mfupi kabla ya saa nne asubuhi akatuacha, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili.

Ameacha mume, watoto wawili, mama, ndugu zake, na vyumba vingi katika wilaya hii ambamo watu wanaamka asubuhi wakiwa na mahali pa kupumulia.

Familia inawashukuru madaktari waliotuambia ukweli bila kutudharau, wauguzi wa hapa Kitengela na wa Athi River, kanisa, wafanyakazi wenzake Lazarus waliomshikia kazi, Mama Rahab aliyepika katika nyumba hii kama yake, Bi Safiyo na jamaa yake, Mzee Parsaoti aliyetupatia uwanja wa hema hili, na Musila, ambaye jeneza mnaloliona mbele yenu, la saiprasi isiyo na nakshi wala msumari, amelifanya mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

Tulikushika mikono, Naliaka, na hatukuweza kukushikilia. Tulia sasa, Mama Obonyo, katika amani ile ambayo sisi, kwa kupenda kwetu kote, hatukujua namna ya kukupatia.